Walioshika Kamera Winterland
Filamu ya The Last Waltz ya 1978 husifiwa kwa ajili ya kundi la The Band na mwongozaji Martin Scorsese. Ni haki yao, lakini wapiga picha wake hawatajwi sana. Usiku wa tarehe 25 Novemba 1976, katika tamasha la kundi hilo kwenye ukumbi wa Winterland mjini San Francisco, walitumia kamera za milimita 35, ambazo mkanda wake wa futi 1,000 huisha kwa dakika 11 hivi, na muziki haumngoji mtu abadilishe mkanda. Atasema mtu kwamba walifuata tu mpango ulioandikwa. Mbona basi mwanamuziki wa blues Muddy Waters alipoimba, kamera zote zilikuwa zinabadilishwa mikanda isipokuwa moja? Tunamwona leo kwa sababu aliyeishika hiyo moja hakuizima.