Kasulo Haiko ya Fakilte Moja



Siku hizi karibu kila mradi wa utafiti unaotafuta franga unajiita wa "maendeleo ya kudumu" na wa "fakilte mbalimbali". Mara mingi ni majina tu yamepangwa kwenye ukurasa wa kwanza: daktari mmoja, mwanauchumi mmoja, mtu wa jeolojia mmoja. Kisha kila mtu anarudi kwake kuandika kipande chake. Njo maana ninataka tuangalie kazi moja ambayo, kwa maoni yangu, iliheshimu maneno hayo, tena tuone pale iliposimama.

Ni utafiti juu ya Kasulo, kartie ya Kolwezi, uliotoka mwaka 2018 katika gazeti la sayansi Nature Sustainability. Mwandishi wa kwanza ni Profesa Célestin Banza Lubaba Nkulu wa UNILU, pamoja na watafiti wa Ubelgiji kama Benoit Nemery wa KU Leuven. Habari ya Kasulo munaijua: watu waligundua kobalti chini ya nyumba zao, wakaanza kuchimba mashimo mu viwanja vyao wenyewe. Watafiti walipima mukojo, damu na vumbi, wakalinganisha na watu wa sehemu ya karibu isiyochimbwa. Watu wa Kasulo walikuwa na kobalti mingi zaidi mwilini. Tofauti ilikuwa kubwa zaidi kwa watoto, na kwao zilionekana pia alama za kuharibika kwa ADN.

Nguvu ya kazi hii iko wapi? Mukojo peke yake unasema sumu imeingia mwilini, lakini hausemi imepita njia gani. Vumbi peke yake linasema sumu iko nyumbani, lakini halisemi nani anaimeza. Mganga alimuhitaji mtu wa udongo, mtu wa udongo akamuhitaji mganga. Vile vile mwaka 2020, watafiti kadhaa wa timu hiyo walionyesha katika The Lancet Planetary Health kwamba, Lubumbashi, watoto waliozaliwa na kilema walikuwa na uhusiano na kazi ya migodi ya baba. Jambo hilo lisingeonekana kama hakuna aliyeuliza: baba anafanya kazi gani?

Lakini niko na swali. Makala ya Kasulo inamaliza kwa kusema kwamba biashara ya kobalti, jinsi ilivyo, haiwezi kudumu. Sawa. Vipimo vyenyewe, lakini, ni vya mwili na vumbi. Juu ya nini baba anachimba pale mtoto wake analala? Huyo baba haiko mujinga. Vumbi analiona kila siku. Anapiga hesabu ya unga, minerval na dawa, na hesabu hiyo haionekani mu damu. Inaomba mwanauchumi anayekaa na familia, na mwanasheria.

Mwanasheria angetuambia nini? Kwamba kwa sheria yetu ya migodi mchimbaji wa mikono anapaswa kuchimba ndani ya eneo lililotengwa kwa kazi hiyo. Kwamba sheria ya 2018 inagawa ushuru wa madini hivi: 50% kwa serikali kuu, 25% kwa jimbo, 15% kwa mji au sekta, na 10% kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Vizazi vijavyo! Kasulo vizazi hivyo vilikwisha kuzaliwa, vikapimwa mukojo. Mutu akiweka hesabu ya mfuko huo na matokeo ya labo juu ya meza moja, hapo utafiti mwingine unaanza.

Tena kuna lugha. Makala ni ya Kiingereza, na pale Kasulo batu banasema Kiswahili. Mama anataka kujua: nifagie namna gani, mtoto acheze wapi, maji nichote wapi? Kwangu, kumujibu kwa lugha yake ni sehemu ya utafiti, na watu wa fakilte ya barua wako na kazi pale.

Wewe unayetafuta kichwa cha kazi yako ya mwisho juu ya migodi, kabla ya kumuonyesha profesa, vuka kiwanja, uende kugonga mlango wa fakilte ya jirani. Waulize ni nini hawaelewi mu swali lako. Kama wanaelewa yote na hawana cha kuongeza, basi pengine swali lenyewe lingali dogo.