Kiu Ufukoni: *Pumzi* na Mtazamaji wa Kisumu

Katika vyama vya filamu vya wanafunzi, filamu fupi aghalabu huchukuliwa kuwa mazoezi ya filamu ndefu. *Pumzi* (2009) ya Wanuri Kahiu, yenye dakika zipatazo ishirini, yaupinga mtazamo huo. Kama ilivyo katika hadithi fupi, ufupi wake ni fani, si upungufu.

Dunia ya Asha imekauka baada ya vita vya maji; hata jasho husafishwa likanywewa. Mazungumzo ni machache mno. Maana hubebwa na taswira: chupa, udongo, na mbegu ya Maitu, yaani mama kwa Kigikuyu. Kimya hicho ndicho kinachoudhihirisha utawala unaodhibiti hata ndoto.

Hata hivyo, mtazamaji wa Kisumu huisoma jazanda hiyo kwa namna nyingine. Mbele yake limelala Ziwa Viktoria, lenye kilomita za mraba zipatazo 68,800, na tangu miaka ya 1990 gugumaji limekuwa likitanda kwa vipindi katika Ghuba ya Winam. Kwake, kiu yaweza kukaa kando ya maji tele yasiyonyweka. Hapo ndipo hitimisho la *Pumzi* linapopwaya: Asha anajitoa peke yake, akaukinga mche kwa mwili wake. Jangwa laweza kumhitaji shujaa mmoja. Ziwa lililochafuliwa na wengi lahitaji jamii nzima.

Mwanafunzi wa filamu ufukoni humo ana la kuazima kwa Kahiu: kimya chake. Jangwa lake amwachie.