Aliyenusurika Si Mkosaji

Kila mwaka watu zaidi ya 720,000 duniani hufa kwa kujiua, na karibu robo tatu yao ni wa nchi zenye kipato cha chini na cha kati, yaani nchi kama yetu. Hata hivyo, jambo hili bado tunalinong'ona kana kwamba ni aibu ya ukoo na si suala la Taifa. Hatuna budi kujikosoa.

Kosa letu la kwanza ni la kifikra. Tumepokea mawazo ya kibwanyenye yanayodai kwamba kujiua ni udhaifu wa mtu binafsi. Maradhi ya akili yapo, na yana tiba. Lakini madeni, ukosefu wa kazi, ulevi na upweke havizaliwi ndani ya kichwa cha mtu mmoja. Huzaliwa katika jamii, na jamii ndiyo inayopaswa kuvikabili.

Kosa la pili ni la kisheria. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinamhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mkosaji. Huo ni urithi wa Mwingereza, naye mwenyewe alilifuta kosa hilo kwao mwaka 1961, mwaka ule ule Tanganyika ilipopata uhuru. Sisi tukabaki tunailinda kasumba aliyoitupa! Ghana ililifuta mwaka 2023, na Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kwamba kifungu cha namna hiyo kinapingana na Katiba yao.

Wako wanaosema kwamba adhabu hutisha, kwa hiyo huzuia. Tunawauliza: aliyekwisha kukata tamaa ya kuishi atatishwaje na jela? Anayetishika ni yule aliyenusurika, ambaye sasa anaogopa kwenda zahanati kueleza kilichompata. Hapa ndipo penye ukinzani: tunataka kuokoa maisha, lakini tumemfunga mdomo mwalimu anayeijua njia ya kurudi.

Kosa la tatu ni la uongozi. Mwongozo wa 1971 ulitufundisha kwamba wananchi lazima washiriki katika kufikiri, kupanga na kutekeleza maendeleo yao. Kumwita aliyenusurika siku ya sherehe, akatoa ushuhuda, akapigiwa makofi na kurudishwa nyumbani, si kumshirikisha. Ni kumfanya pambo.

Tujifunze kwa Zimbabwe. Tangu mwaka 2006, mjini Harare, mabibi waliopewa mafunzo huketi na wenye dhiki kwenye benchi nje ya zahanati na kuwasikiliza. Utafiti wa watu 573, uliotangazwa mwaka 2016, ulionyesha kwamba waliosaidiwa hivyo walipata nafuu zaidi kuliko waliopata huduma ya kawaida. Waliokwisha kusaidiwa nao hukutana katika vikundi na kushikana mikono. Mtaalamu hakufukuzwa, ameunganishwa na uzoefu wa watu.

Kwa hiyo msimamo wetu ni huu: kifungu cha 217 kifutwe, walionusurika na familia zao waketi katika kamati zinazopanga huduma hizi, wakiwa na sauti kamili, na kila kada aanze katika tawi lake. Jirani akikuambia amechoka kuishi, usimhubirie wala usimripoti. Msikilize, usimwache peke yake, umsindikize zahanati. Hiyo nayo ni kazi ya siasa.