Fumbo la Duara: Sifa Yake na Kosa Lake

Liko fumbo la hesabu lipendwalo na walimu wengi, nalo hutajwa mara nyingi kwa jina la Leo Moser (1921–1970), mtaalamu wa hesabu wa Kanada. Chora duara, weka nukta ukingoni, unganisha kila moja na zote zilizosalia kwa mistari iliyonyoka, kisha hesabu vipande. Nukta 1 yatoa kipande 1. Nukta 2, vipande 2. Kisha 4, 8, 16. Mtoto hukimbilia kusema kwamba nukta 6 zitatoa 32. La! Jibu la vitabu ni 31, na nukta 7 ni 57.

Twalisifu fumbo hili, maana lavunja kiburi. Mkulima wa Mpanda aliyepata mvua njema miaka mitano haapi kwamba wa sita utakuwa vivyo hivyo. Mbona sisi walimu twaapa kwa mifano mitano tu? Mtume Paulo naye alituagiza kuyapima mambo yote.

Lakini lina kosa, wala si dogo. Jinsi lisimuliwavyo mara nyingi, halisemi nukta ziwekwe namna gani. Hapa Katavi, mtoto achoraye duara mchangani kwa kigingi na kamba, akapanga punje 6 za mahindi kwa nafasi sawasawa, atapata vipande 30. Maana mistari mitatu hukutana katikati, na kile kipande kidogo cha pembe tatu hupotea. Mwalimu ashikaye jibu la kitabu atamwandikia kosa, naye mtoto amehesabu kweli. Huko ni kumfundisha asiyasadiki macho yake mwenyewe.

Kosa la pili ni kutoa jibu pasipo sababu, na sababu yenyewe si ngumu. Duara tupu ni kipande 1. Kila mstari huongeza 1, na kila mahali mistari miwili ikatanapo huongeza 1. Nukta 6 zina mistari 15 na makutano 15. Jumla ni 31.

Basi, walimu wenzetu, tulitumie fumbo hili, ila tuongeze neno: isikutane mistari mitatu mahali pamoja. Na mtoto aletapo 30, tusitangulize kalamu nyekundu. Twende naye mchangani, tukahesabu pamoja.