Nyota ya Ganda la Mgomba

Miongoni mwa kazi za mikono ambazo watu wazima huzipuuza kwa sababu tu hufanywa na watoto, ni chache zinazostahili sifa kama ile ya kutengeneza mapambo na vichezeo vya sikukuu za mwisho wa mwaka, yaani nyota, taa, mikeka midogo na sanamu za hori la Bethlehemu zinazoundwa kwa karatasi, majani au udongo. Kazi hii imezoeleka kuhusishwa na nchi za kaskazini, ambako Desemba ni mwezi wa theluji na usiku mrefu, hata msomaji wa Afrika Mashariki anaweza kuidhani ni mali ya watu wa baridi iliyoletwa kwa meli. Hata hivyo, anayeichunguza historia yake huona kwamba kilichoikuza si baridi peke yake, bali pia hali ya mtoto aliye mbali na kwao na mwenye vitu vichache mkononi. Kwa kipimo hicho, makazi ya wakimbizi ya Nakivale, katika wilaya ya Isingiro kusini-magharibi mwa Uganda, si mahali pa kuiga kazi hii kutoka mbali, bali ni mojawapo ya mahali inapostahili kuitwa ya wenyeji.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni nyota ya Herrnhut, ambayo leo huning'inizwa makanisani na majumbani katika nchi nyingi. Nyota hiyo ilianza katika miaka ya 1830 kwenye shule ya bweni ya Wamoravia mjini Niesky, Ujerumani, ikiwa zoezi la jiometri, na umbo lake la kawaida lina ncha 25, ambazo 17 husimama juu ya kitako cha mraba na 8 juu ya kitako cha pembetatu. Wamoravia ni Wakristo wa Kiprotestanti ambao wamisionari wao walifika Rungwe, katika nyanda za juu za kusini mwa Tanzania ya leo, mwaka 1891. Na katika shule zao za bweni walilelewa watoto ambao wazazi wao walikuwa wakihubiri ng'ambo. Kwa hiyo, kilichokuwa somo la hesabu kilikuwa pia kazi ya kuwashughulisha watoto waliokuwa wakisubiri sikukuu bila baba na mama. Katika karne hiyohiyo, Friedrich Fröbel, mwalimu Mjerumani aliyeanzisha shule yake ya watoto wadogo huko Bad Blankenburg mwaka 1837, aliingiza ukunjaji na ufumaji wa vipande vya karatasi katika mafunzo, akiamini kwamba akili ya mtoto huamshwa na vidole vyake. Na nyota ya vipande vinne vilivyopishanishwa inaitwa kwa jina lake hadi sasa.

Nakivale ilianzishwa mwaka 1958, na wakimbizi wa kwanza waliotulia humo walikuwa Wanyarwanda, lakini leo wanaishi humo pia Wakongo, Warundi, Wasomali, Waethiopia na wengineo, na Kiswahili ni mojawapo ya lugha wanazokutania. Desemba ya huko haina theluji. Ni mwezi ambao mvua za vuli zinaelekea ukingoni, shule zimefungwa kwa likizo ndefu, na Wakongo wanajiandaa kwa Noeli na Bonane, majina wanayoiita Krismasi na Mwaka Mpya. Katika maduka ya jiji la Mbarara hupatikana mapambo ya plastiki, ambayo sehemu kubwa ya yale yanayouzwa duniani hutoka katika mji wa Yiwu, China. Lakini fedha ya pambo ni fedha iliyotolewa kwenye unga na sabuni, na kwa sababu hiyo mikono ya mtoto hubaki kuwa kiwanda kilicho karibu zaidi.

Malighafi yake bora inaota nyuma ya nyumba. Ankole, eneo ambalo Isingiro na Mbarara zimo, ni nchi ya matoke, na kila mgomba unaokua huvaa maganda, yaani yale matabaka ya nje ya shina ambayo hukauka na kulegea yenyewe bila kuudhuru mmea. Ganda lililokauka kabisa huvunjika, kwa hiyo hunyunyiziwa maji au huachwa nje lipate umande hadi lilainike, kisha huchanwa kwa ukucha au kwa mwiba kufuata nyuzi zake, na vipande hupangwa kwa upana na kwa rangi, kwa maana ganda moja huweza kutoa rangi ya asali, ya kahawia na nyingine inayokaribia nyeusi. Watoto wa Ankole, wa Rwanda, wa Burundi na wa Kivu nchini Kongo wamezoea tangu zamani kufunga mipira kwa maganda haya, kuyasokota kamba, na kufunga wanasesere ambao vichwa vyao ni mafundo na mikono yao ni misuko. Mkono unaojua kufunga mpira unaojibana wenyewe kadiri unavyopigwa hauhitaji kufundishwa mengi ili uunde nyota ya Fröbel, Yosefu na Mariamu, au ng'ombe wa horini mwenye pembe ndefu kama ng'ombe wa Ankole, ambaye kwa mtoto wa Isingiro ni wa kweli kuliko kulungu yeyote wa nchi za theluji.

Zaidi ya malighafi, kuna utajiri wa mataifa yanayokaa pamoja. Mtoto wa Kivu Kaskazini huchonga chukudu ndogo, mfano wa kile chombo cha mbao cha magurudumu mawili ambacho hubeba viazi na mkaa, na ambacho jiji la Goma limekisimamishia sanamu ya rangi ya dhahabu. Kwa Waethiopia wa Kanisa la Orthodoksi, Krismasi ni tarehe 7 Januari na inaitwa Genna, jina ambalo ni la mchezo pia, unaochezwa kwa fimbo zilizopinda ambazo wavulana huzitafuta wenyewe mitini na kuzichonga. Mtoto Mwislamu hatazamiwi kuunda hori, lakini taa ya karatasi na mkeka ni vyake pia. Na kwa kuwa kalenda ya Kiislamu hufuata mwezi, Ramadhani nayo hupita katika majira yote, hata mwaka 2030 inatarajiwa kuanza mara mbili, mwanzoni mwa Januari na tena mwishoni mwa Desemba.

Mkeka unastahili kutajwa peke yake. Kwanzaa, sikukuu ya Wamarekani Weusi iliyoasisiwa na Maulana Karenga mwaka 1966 na kuadhimishwa kuanzia tarehe 26 Desemba hadi 1 Januari, imevipa vifaa vyake majina ya Kiswahili: mkeka, kinara, mishumaa saba, muhindi, kikombe cha umoja na zawadi. Katika madarasa ya Marekani watoto hufuma mkeka huo kwa vipande vya karatasi ya rangi, wakipitisha kimoja juu na kingine chini. Kinachoigwa huko kwa karatasi kinaweza kufumwa Nakivale kwa mafunjo ya ziwani na kwa mkono wa bibi aliye hai, na mtoto anayekifuma hapo hajachukua desturi ya kigeni, bali ameshika upande wake wa kitu kilekile.

Wapo wanaosikitika wakiona katika nyumba za Uganda tawi la saipresi likinyunyiziwa pamba ili lifanane na mti wenye theluji. Masikitiko hayo hayana msingi mkubwa. Theluji si ngeni Uganda, kwa kuwa kilele cha Margherita katika milima ya Rwenzori, chenye urefu wa mita 5,109, bado kina barafu; na anayetumia pamba kueleza kitu ambacho hajakigusa amefanya kazi ya msanii, ambayo ni kutafuta katika vilivyopo kifani cha kisichokuwepo. La kusikitisha ni pale mtoto anapopewa picha iliyochapwa tayari ili aijaze rangi tu, kwa sababu hapo amenyimwa uchaguzi, na uchaguzi ndio roho ya kazi hii. Anayechana ganda hupima kwa jicho, hugawa sawa, hukosea na kufumua, na hujifunza kwamba msuko uliolegea mwanzoni hauwezi kukazwa mwishoni.

Mtihani wa kumaliza shule ya msingi nchini Uganda hupima masomo manne, yaani Kiingereza, hisabati, sayansi na maarifa ya jamii, na somo lisilopimwa hufa njaa mapema, hasa katika madarasa yaliyojaa ya makazi ya wakimbizi. Ndiyo maana likizo ya Desemba ina thamani ya pekee: inatoa muda ambao shule haina. Kinachohitajika ni ndoo ya maji, maganda kutoka shambani kwa ruhusa ya mwenye mgomba, na mzee mmoja wa kila taifa atakayekubali kukaa na watoto wa mataifa mengine na kuwaonyesha fundo la kwao. Viongozi wa makanisa na misikiti, walimu na wazazi wa Nakivale na Mbarara wanaweza kulitekeleza hilo bila kusubiri mfadhili, na watakuwa wamewapa watoto si pambo la siku moja, bali ujuzi ambao mtoto ataondoka nao popote atakapohamishiwa, kwa kuwa haupimwi kama mzigo wala hauombwi kibali mpakani.