Mwinjilisti wa Mtaa

Wamisionari wa Kilutheri wa Leipzig walipofukuzwa Kilimanjaro mwaka 1920, walimu na wazee wa hapa ndio walioshika makanisa. Wainjilisti wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) huku Himo wanaiendeleza kazi hiyo. Mvua zikikatika na mahindi ya tambarare yakanyauka, mwinjilisti hufika kwa miguu kwenye nyumba iliyoishiwa unga. Haanzi kuhubiri, anakaa, anasikiliza, ndipo anafungua zaburi. Msibani anaongoza ibada, anafuatilia michango, anaulizia kaburi limefikia wapi. Turubai likishaondolewa na ndugu wakisharudi Dar, anarudi kwa mjane, na wiki inayofuata tena. Marejeo hayo nayaheshimu kuliko mahubiri yoyote. Posho yake ni ndogo, na shamba lake nalo limekauka.