Mwenye Sikukuu na Mwenye Swali

Mwalimu wa Kiingereza aendaye kufundisha watoto wadogo katika nchi isiyo yake aghalabu hubeba, pamoja na vitabu vyake, kalenda ya sikukuu za huko lugha hiyo itokako: maboga yaliyochongwa nyuso ya mwisho wa Oktoba, bata mzinga wa Novemba, theluji ya pamba ya Desemba, na kwa kuwa watoto hufurahi, yeye hudhani kwamba wamejifunza. Furaha na maarifa huweza kukaa nyumba moja bila kujuana, na kazi ya safu hii leo ni kupima, kwa mfano wa darasa la jioni la watoto wa miaka sita hadi tisa nililolifundisha Nyakabanda, mjini Kigali, ni kwa utaratibu gani sikukuu hugeuka kuwa somo la lugha, na kwa sababu gani baadhi ya sikukuu hukataa kugeuka.

Nyakabanda ni sekta ya wilaya ya Nyarugenge, iliyolala kwenye miteremko ya Mlima Kigali na kupakana na Nyamirambo, mtaa ambao Kiswahili kimesikika humo tangu zama za Wadachi, walipofika wafanya biashara, askari na makarani wa pwani. Msikiti wa Al-Fatah, uliojengwa 1913 huko Biryogo, hauko mbali, na kanisa la Mtakatifu Charles Lwanga liko Nyamirambo penyewe. Kwa sensa ya 2022 Waislamu ni takriban asilimia 2 tu ya watu wa Rwanda, lakini katika mitaa hii uwiano huo hauonekani, maana mtoto wa Kikatoliki hula sambusa za jirani yake jioni za Ramadhani, na mtoto wa Kiislamu hujua saa ambayo misa ya Noheli hutoka. Jambo hili, ambalo wenyeji hulipita kama kitu cha kawaida, ndilo lililokuwa rasilimali kubwa ya darasa, kuliko picha na vitabu vyote.

Yafaa msomaji akumbuke pia uzito wa lugha inayofundishwa. Serikali ya Rwanda iliamua mwaka 2008 kwamba Kiingereza kiwe lugha ya masomo shuleni. Mwaka 2011 Kinyarwanda kikarudishwa katika madarasa matatu ya mwanzo ya msingi. Kisha mwishoni mwa 2019 ikatangazwa kwamba Kiingereza kianze tena tangu darasa la kwanza. Kwa hiyo mtoto wa miaka sita hasomi Kiingereza kama pambo: ndicho atakachofundishiwa hesabu. Mwalimu anayempotezea jioni nzima kwa gundi na karatasi za kung'aa humpotezea kitu chenye thamani.

Kalenda nayo ina hukumu yake. Zamani mwaka wa shule wa Rwanda ulianza Januari na kwisha kabla ya Desemba, hata Noheli ikaangukia katika likizo ndefu. Lakini tangu mwaka wa masomo wa 2021/22 muhula wa kwanza huanza kati ya Septemba na Oktoba na kufungwa siku chache tu kabla ya tarehe 25 Desemba. Mabadiliko haya, ambayo hayakufanywa kwa ajili ya sikukuu, yalimpa mwalimu majuma ya mwisho ya muhula ambamo watoto wote fikira zao zimekwisha elekea jambo moja. Nguo mpya imeshashonwa au inangojwa kwa fundi, wali na nyama vimeshaahidiwa, na chupa ya Fanta imeshahesabiwa. Habari zote zimo vichwani mwao. Kilichopungua ni maneno.

Hapa ndipo utaratibu wenyewe unapoanza, nao kiini chake ni rahisi kueleza: darasa liligawanywa kati ya wenye sikukuu na wenye maswali. Mwezi wa Desemba watoto wa Kiislamu, pamoja na wale wa Mashahidi wa Yehova, ambao nyumbani mwao Noheli haiadhimishwi, hawakuwekwa kando kama wageni wa kuvumiliwa, wala hawakulazimishwa kuimba wasichokiamini. Walipewa kazi ya kuuliza. Huvaa nini? Huenda wapi asubuhi? Nani hupika? Nani hutembelewa? Wenzao Wakristo walikuwa na majibu, na majibu yalitofautiana, kwa kuwa hakuna nyumba mbili zinazosherehekea sawasawa. Sikukuu ya Idi ilipofika, majukumu yakageuzwa.

Mgawanyo huu una faida ya adabu, nayo si ndogo, ila faida yake ya kiufundi ni kubwa zaidi. Katika madarasa mengi ya lugha mwalimu ndiye muulizaji na mwanafunzi ndiye mjibuji, hata mtoto hupitisha miaka akijibu kwa neno moja bila kuunda swali hata mara moja. Na swali ndilo gumu. Mtoto anayezungumza Kinyarwanda, kama yule anayezungumza Kiswahili, huweza kuuliza kwa kupandisha sauti tu, bila kuuvuruga mpangilio wa sentensi. Kiingereza humtaka atangulize kitenzi kisaidizi mbele ya mtenda, na akibadilishie umbo mtenda huyo akiwa mmoja asiye mimi wala wewe. Lau fundisho hilo lingetolewa kwa kanuni ubaoni, lingelala huko huko ubaoni. Lilipotolewa kwa sababu mtoto alikuwa na hamu ya kweli ya kujua kama mwenzake hupewa fedha na mjomba wake, lilirudiwa mara nyingi kuliko zoezi lolote la kitabu, na hapana aliyelalamika kwa kuchoka.

Matayarisho yalitangulia mazungumzo. Majuma ya kwanza yalifuata njia iliyoenezwa na mwanasaikolojia wa Marekani, James Asher, katika miaka ya 1960, ambayo humruhusu mwanafunzi kutii kwa mwili kabla ya kutakiwa kusema: simama, beba, tundika, mpe mwenzako. Watoto walipamba tawi la msonobari kwa vipande vya vitenge vilivyoombwa kwa mafundi cherehani wa Nyamirambo, kila kipande kikitundikwa kwa amri iliyosikiwa na kufahamika. Theluji haikufundishwa, maana hakuna mtoto ambaye angekuwa na la kuieleza. Badala yake lilifundishwa neno la mvua, ambayo Kigali huijua sana katika miezi hiyo.

Kazi za mikono ndizo zilizohitaji hadhari zaidi. Mwalimu akigawa mikasi, gundi na kalamu za rangi mwanzoni mwa kipindi cha dakika 40, dakika 30 zitakwenda kwa Kinyarwanda, na kadi zitakazotoka zitakuwa nzuri lakini bubu. Dawa yake ilikuwa upungufu wa makusudi: mikasi michache, gundi moja kwa meza mbili, na sharti kwamba hakuna kifaa kinachohama mkono isipokuwa kimeombwa kwa sentensi nzima ya Kiingereza. Msamiati wa mkasi na gundi si msamiati wa sikukuu, mtu atasema. Naam, lakini ndio utakaotumika mwezi ujao na mwezi wa baadaye, wakati ule wa nyota na malaika utakapokuwa umesahauliwa.

Kadi zenyewe zilichorwa jamaa wa nyumbani, si wahusika wa hadithi, kwa sababu Kinyarwanda, mfano wa Kiswahili, hakitenganishi mume na mke katika viwakilishi, na kosa la kumwita mama kwa kiwakilishi cha baba hudumu hata kwa watu wazima waliosoma. Mtoto aliyekwisha mchora mama yake na kitambaa chake kichwani, kisha akasikia darasa zima likimcheka kwa kumfanya mwanamume, hujisahihisha kwa hiari. Vivyo hivyo kwa sauti za l na r, ambazo Kinyarwanda hakizipambanui: chakula cha sikukuu ni wali, na neno la Kiingereza la mchele likikosewa sauti yake ya kwanza huwa chawa, jambo ambalo watoto wa Nyakabanda walipolifahamu walilifanyia mazoezi kwa bidii isiyohitaji kuhimizwa.

Idi ilileta somo ambalo Noheli haina. Siku yake hurudi nyuma takriban siku 11 kila mwaka, na hakika yake hungoja mwezi uandame na Jumuiya ya Waislamu wa Rwanda itangaze. Basi mwalimu hawezi kuiwekea tarehe katika mpango wake. Badala ya kuuona huo kuwa usumbufu, tuliufanya kuwa mada: maneno ya shaka na matarajio, labda kesho, labda kesho kutwa, yaliyosemwa na watoto waliokuwa na shaka ya kweli. Wenye maswali waliuliza kuhusu sala ya uwanjani Nyamirambo, katika uwanja ambao tangu 2023 huitwa Kigali Pelé, na wenye sikukuu wakaeleza nani huamka kwanza na nani hubeba mkeka.

Utaratibu huu una mpaka, na mpaka wake ni Aprili. Tarehe 7 ya mwezi huo Rwanda huanza juma la kuwakumbuka waliouawa katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya 1994. Mwaka 2024 Idi yenyewe iliangukia tarehe 10 Aprili, ndani ya juma hilo, katika kumbukumbu ya miaka 30. Kila nyumba ina habari, lakini si habari za kumtaka mtoto azitoe ajibu maswali ya mwenzake, wala si haki ya mgeni kuzifanyia mazoezi ya sarufi. Kiingereza kilikaa kimya. Watoto waliachiwa lugha ya mama zao na watu wazima wa kwao. Mbinu inayofaa mahali pengi haifai kila mahali, na mwalimu asiyejua inapokoma hajaijua bado.

Kwa mizani hiyo hiyo hufahamika kwa nini maboga ya Oktoba hayafundishi kitu Nyakabanda. Si kwamba ni ya kigeni, maana watoto hupenda mageni. Ni kwamba hakuna darasani anayeyamiliki ila mwalimu. Majibu yote yako kwake, maswali yote humrudia yeye, na watoto hubaki kurudia majina ya vitu wasivyokuwa na la kuvieleza.

Hali iliyo kinyume cha hiyo ni Umuganura, sikukuu ya mavuno iangukiayo Ijumaa ya kwanza ya Agosti, ambayo wakoloni waliikomesha mwaka 1925 walipomhamishia Burundi mwangalizi wake, Gashamura, na ambayo ilirudishwa kuwa sherehe ya taifa mwaka 2011. Agosti ni likizo. Kwa hiyo somo lake lilifanywa majuma ya mwisho kabla ya shule kufungwa. Hapa darasa zima, Wakristo kwa Waislamu, lilikuwa upande wa wenye sikukuu, na muulizaji alikuwa mimi peke yangu, mtu wa pwani asiyejua mtama huletwaje wala maziwa hupewa watoto kwa taratibu gani. Waliyakosea maneno ya Kiingereza mara nyingi, lakini walisema kwa muda mrefu kuliko siku nyingine yoyote, wakikatizana na kusahihishana, kwa sababu mwalimu alikuwa mjinga wa jambo ambalo wao walilijua vyema.

Kwa hiyo mwalimu anayekwenda ugenini, kabla hajafungua sanduku lake la mapambo, na aandike orodha ya sikukuu za mtaa aliofikia, na mbele ya kila moja aandike ni nani darasani anayeijua na ni nani asiyeijua. Pakiwa na pande mbili, pana somo. Pakiwa na upande mmoja tu, na upande huo ni yeye, asherehekee akipenda, lakini asiihesabu jioni hiyo katika saa za kufundisha.